Sergei Eisenstein

Sergei Mikhailovich Eisenstein (Riga, 22 Januari 1898 – Moscow, 11 Februari 1948) alikuwa mwongozaji wa filamu na mwandishi wa nadharia ya filamu kutoka Umoja wa Kisovyeti. Anajulikana hasa kwa filamu isiyo na sauti Manowari Potemkin (1925). Onyesho lake la mauaji kwenye ngazi za Odessa bado linachambuliwa katika vyuo vya filamu.

Maisha ya awali

Alizaliwa Riga, leo mji mkuu wa Latvia, wakati huo sehemu ya Milki ya Urusi. Baba yake alikuwa msanifu majengo, na Sergei mwenyewe alisomea uhandisi mjini Petrograd. Mwaka 1918 aliacha masomo akajiunga na Jeshi Jekundu, ilhali baba yake alikuwa upande wa wapinzani wa mapinduzi. Mwaka 1920 alihamia Moscow, akafanya kazi katika michezo ya jukwaani na kusoma chini ya Vsevolod Meyerhold. Filamu yake ndefu ya kwanza, Mgomo, ilitoka mwaka 1925.

Onyesho la ngazi za Odessa

Eisenstein alishikilia kwamba maana ya filamu haimo katika picha moja pekee, bali huzaliwa pale picha mbili zinapogongana. Mbinu hiyo ya kuunganisha picha huitwa montaji.

Katika onyesho la Odessa, lililopigwa na mpigapicha Eduard Tisse, askari wanashuka ngazi kwa mstari ulionyooka na kwa hatua sawa. Nyuso zao hazionekani sana; kamera inaonyesha buti, bunduki na vivuli vyao. Raia, kinyume chake, wanakimbia ovyo, na nyuso zao huonyeshwa kwa karibu. Mama aliyembeba mwanawe anapanda kuwaelekea askari wakati wengine wote wanashuka. Baadaye kigari cha mtoto mchanga kinabingirika peke yake. Kwa kurudia vitendo na kuvitazama kutoka pande mbalimbali, Eisenstein alifanya mteremko uonekane mrefu kuliko ulivyo.

Mwishoni, askari Mkozaki anainua upanga, kisha anaonekana mwanamke mwenye miwani iliyovunjika na jicho linalotoka damu. Pigo lenyewe halionyeshwi. Mtazamaji hulijaza mwenyewe. Mara baadaye, sanamu tatu za simba, aliyelala, anayeamka na aliyeinuka, zinafuatana haraka hata jiwe linaonekana kuwa simba mmoja anayesimama.

Uasi wa manowari hiyo mwaka 1905 ni tukio la kweli, na watu wengi waliuawa mjini Odessa wakati huo. Hata hivyo, mauaji ya kwenye ngazi yalitungwa kwa ajili ya filamu. Nguvu ya picha zake imewafanya watazamaji wengi kuyachukua kuwa historia.

Matatizo na serikali

Filamu hiyo ilipigwa marufuku katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, kwa hofu ya kuchochea uasi. Nyumbani pia Eisenstein hakuwa salama. Mwaka 1937 wakuu wa filamu walisimamisha kazi yake Mbuga ya Bezhin, na nakala yake ikapotea. Alirudi kupata heshima kwa Alexander Nevsky (1938), yenye muziki wa Sergei Prokofiev. Sehemu ya kwanza ya Ivan wa Kutisha ilipewa Tuzo ya Stalin, lakini sehemu ya pili ilizuiwa mwaka 1946 na haikuonyeshwa hadi 1958.

Kifo na urithi

Alipata mshtuko wa moyo mwaka 1946, akafariki miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 50, kabla watazamaji hawajaiona filamu yake ya mwisho. Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy, Moscow. Mwaka 1987 mwongozaji Mmarekani Brian De Palma alikitumia tena kigari cha mtoto kwenye ngazi za stesheni ya treni ya Chicago katika The Untouchables.