Robyn Van En

Robyn Van En (1948 – Januari 1997) alikuwa mkulima na mwalimu wa Marekani. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa kilimo kinachotegemezwa na jamii katika nchi hiyo, na hasa kwa kuunda mtandao uliowaunganisha wakulima wa namna hiyo katika Amerika Kaskazini.

Kilimo kinachotegemezwa na jamii, ambacho mara nyingi hutajwa kwa herufi CSA, ni mapatano kati ya mkulima na walaji. Kabla ya msimu kuanza, mkulima hukadiria gharama za mwaka mzima: mbegu, mbolea, vifaa, ujira na pato la kumwezesha kuishi. Jumla hiyo hugawanywa katika hisa. Kila mwanachama hulipia hisa yake mapema, na kwa kawaida hupokea fungu lake la mavuno kila wiki. Mavuno yakiwa mengi, wote hunufaika. Mvua ikiharibu mazao, hasara haimwangukii mkulima peke yake.

Shamba la Indian Line

Kabla ya kuwa mkulima, Van En alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwaka 1983 alinunua shamba la Indian Line huko South Egremont, katika milima ya Berkshire, magharibi mwa jimbo la Massachusetts.

Mwaka 1985 alikutana na Jan Vander Tuin, ambaye alikuwa amerudi kutoka Uswisi. Huko Vander Tuin alikuwa ameona mashamba ambayo walaji walilipia gharama za uzalishaji kabla ya mavuno. Mbinu inayofanana nayo ilikuwa imeenea nchini Japani tangu miaka ya 1970 kwa jina la teikei. Van En, Vander Tuin na wenzao wachache, akiwemo John Root Mdogo, waliamua kuijaribu katika eneo lao.

Walianza na jambo dogo. Msimu wa majani kupukutika mwaka 1985 waliuza hisa 30 za mavuno ya bustani ya matofaa. Mwaka uliofuata, 1986, wanachama walianza kupata mboga zilizolimwa Indian Line. Mwaka huohuo shamba jingine, la Temple-Wilton katika jimbo la New Hampshire, lilianza kwa msingi unaofanana. Kwa sababu hiyo mashamba hayo mawili huhesabiwa pamoja kuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani.

Kujenga mtandao

Habari za Indian Line zilipoenea, watu wengi walitaka kujua jinsi ya kuanzisha mpango kama huo kwao. Walihitaji kujua namna ya kupanga bei ya hisa, namna ya kuwapata wanachama wa kwanza, na nani ashughulikie fedha na ugawaji wakati mkulima yuko shambani. Mwaka 1988 Van En aliandaa kijitabu cha mwongozo kilichokusanya majibu ya maswali hayo. Alisisitiza umuhimu wa kuwa na kikundi cha msingi, yaani wanachama wachache wanaosaidia kuendesha shughuli, ili mzigo wote usibaki kwa mkulima.

Mwaka 1992 alianzisha shirika lisilo la kibiashara la CSA North America. Kazi yake ilikuwa kukusanya na kusambaza taarifa, na kuwasaidia waliotaka kuanza. Van En mwenyewe alisafiri sehemu nyingi kutoa mihadhara na ushauri. Kwa njia hiyo mkulima wa jimbo moja aliweza kujifunza kutokana na makosa ya mwenzake wa jimbo jingine, badala ya kila mmoja kuanza upya. Katika miaka hiyo mashamba ya aina hiyo yaliongezeka kutoka mawili hadi mamia.

Kifo na suala la ardhi

Van En alifariki ghafla Januari 1997 kutokana na shambulio la pumu, kabla hajatimiza umri wa miaka 50.

Kifo chake kilidhihirisha udhaifu mmoja wa mpango wenyewe. Wanachama walikuwa wamechangia gharama za kilimo, lakini ardhi ya Indian Line ilikuwa mali binafsi ya Van En. Bei ya ardhi ya Berkshire ilikuwa imepandishwa na watu wa mijini waliotafuta nyumba za mapumziko, hivyo ilikuwa vigumu kwa mkulima kijana kulinunua shamba hilo.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1999. Amana ya ardhi ya jamii ya Berkshire Kusini ilinunua ardhi kwa kushirikiana na shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy. Wakulima Elizabeth Keen na Alexander Thorp walinunua majengo na kupewa ardhi kwa mkataba wa miaka 99, kwa sharti la kuendelea kulima. Hivyo kilimo cha hisa kiliendelea Indian Line, na shamba likawa mfano wa jinsi jamii inavyoweza kulinda ardhi yenyewe pamoja na mavuno yake.

Kumbukumbu

Kitabu cha Sharing the Harvest, alichokiandaa pamoja na mkulima Elizabeth Henderson, kilitolewa mwaka 1999, baada ya kifo chake, na kimetumiwa na wakulima wengi kama mwongozo. Chuo cha Wilson huko Chambersburg, Pennsylvania, kilianzisha kituo chenye jina lake, ambacho kilitunza orodha ya mashamba ya CSA ya Marekani. Tangu mwaka 2006 picha yake imo kwenye noti ya 10 ya BerkShares, fedha inayotumika katika eneo la Berkshire pekee.