Monsenyeri Luc Gillon, padri aliyeleta mtambo wa kwanza wa nyuklia Afrika

Wakaaji wengi wa mashariki wanajua kama urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Wachache wanajua kama mtambo wa kwanza wa nyuklia Afrika nzima ulijengwa hapa Kongo, na aliyeuleta alikuwa padri.

Luc Gillon alizaliwa Ubelgiji mwaka 1920. Zaidi ya upadri alisomea fizikia ya nyuklia, hadi Princeton, Marekani. Mwaka 1954 aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa Iniversite Lovanium, kwenye kilima cha Léopoldville, leo Kinshasa. Kwake yeye, inchi iliyotoa urani ilistahili pia kupata elimu yake.

Mtambo ulioitwa TRICO uliwaka mwezi wa 6 mwaka 1959, mwaka moja mbele ya uhuru. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu. Haukutoa umeme, ulikuwa wa masomo na utafiti, hasa juu ya afya na kilimo.

Je, ungeweza kupasuka? Mitambo mikubwa ya umeme inafungia urani ndani ya chungu cha chuma kinene, maji yakiwa na presha kali sana. Miaka ikipita, mionzi inafanya chuma hicho kipoteze uvumilivu, kiwe chepesi kupasuka kama glasi. Ndiyo maana vipande vya chuma cha aina ile ile vinawekwa ndani tangu mwanzo, kisha vinatolewa kimoja kimoja na kuvunjwa kwa mashine ili kupima nguvu iliyobaki. TRICO haina chungu cha namna hiyo. Urani yake iko chini ya maji, ndani ya tangi lililo wazi juu, bila presha. Ikipata moto kupita kiasi, nguvu inashuka yenyewe. Kwa chuo chenye wanafunzi, aina hiyo ilifaa.

Gillon aliacha uongozi mwaka 1967, akafuatwa na Mkongomani, Tharcisse Tshibangu. Mtambo wa pili, wa kilowati 1000, ulianza mwaka 1972 na kuzimwa mwaka 2004.

Gillon alikufa mwaka 1998. Mwaka huo huo polisi ya Italia ilikamata fimbo moja ya urani iliyoibwa Kinshasa miaka ya 1970. Ya pili haijaonekana. Mtambo uliozimwa ungali pale kilimani, ambako mmomonyoko unakula udongo kila msimu wa mvua, na kuulinda kunabaki kazi ya Serikali.