Emin Pasha na Ndege wa Lado

Huenda wengi wenu, wasomaji wapenzi, mmepata kusikia jina la Emin Pasha katika masomo ya historia, nanyi mnamkumbuka kama yule gavana aliyefuatwa na Stanley. Mimi ni mtu wa Juba. Lado, uliokuwa mji wake mkuu, ulikuwa ukingo uleule wa magharibi ya Nile kama Juba, kaskazini kidogo. Kwa hiyo nataka kueleza upande wa maisha yake usiosimuliwa sana, nao ni upande wa ndege.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland, na jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari, akaenda kufanya kazi katika nchi za Waturuki. Huko alijifunza Kituruki na Kiarabu, na baadaye akajiita Emin, maana yake mwaminifu. Mwaka 1875 alifika Khartoum. Mwaka uliofuata Gordon, aliyekuwa akilitawala Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, alimchukua awe mganga wa serikali huko Lado, na mwaka 1878 Emin mwenyewe akawa gavana.

Bwana huyu hakuona mbali bila miwani, lakini hakuna aliyewajua ndege wetu kumshinda katika wataalamu wa siku zile. Aliwakusanya, akawachuna ngozi, akaandika mahali na tarehe, kisha akazipeleka Bremen kwa mtaalamu Gustav Hartlaub. Mwaka 1880 Hartlaub alimpa shomoro mmoja mdogo mwekundu-kahawia jina la kitaalamu Passer eminibey, yaani shomoro wa Emin Bey, kwa kuwa Emin alikuwa bado hajawa pasha. Mwaka 1882 mbwigu mmoja aliitwa Lanius gubernator, maana yake mbwigu wa gavana.

Kisha mambo yakageuka. Vita vya Mahdi vilivyoanza mwaka 1881 vilikata njia ya kaskazini, na barua, mishahara na bidhaa hazikufika tena. Askari wakavaa nguo za pamba iliyofumwa papo hapo, nao wakaishi kwa nafaka na ng'ombe za wenyeji, mzigo ambao wenyeji hawakuutaka. Mwaka 1885 Emin alihamia Wadelai, ambao sasa uko Uganda. Hata katika shida ile hakuacha kuandika habari za ndege. Aprili 1888 Stanley alimkuta kando ya Ziwa Albert, naye akasitasita kuondoka. Mwezi wa Agosti askari wake mwenyewe walimfunga huko Dufile. Mwishowe alikubali kwenda pwani, akafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku uleule wa karamu alianguka kutoka dirishani, akaumia sana. Alipopona aliwatumikia Wadachi, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Tarehe 23 Oktoba 1892 aliuawa katika misitu ya Kongo kwa amri ya wafanyabiashara wa watumwa.

Basi tumpime mtu huyu. Alipata elimu yake kwa kuwaua ndege, maana siku zile njia ilikuwa hiyo. Je, sisi tufanyeje? Kwetu Juba kiangazi huanza Desemba hata Machi. Majani hukauka, na hapo ndipo korongo weupe na mbayuwayu wa Ulaya wanapokuwa wageni wetu. Nao chozi, wenye mdomo mwembamba uliopinda, huhangaika huku na huku wakitafuta maua, kwa kuwa chakula chao ni maji matamu ya maua pamoja na wadudu wadogo. Huko Marekani wako ndege wanaofanana nao, ingawa si jamaa zao, wawezao kusimama hewani kama nyuki. Watu wa huko huwatundikia bustanini maji ya sukari, kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji. Nyumbani kwetu hatuna sukari ya kuwapa ndege. Lakini nyanya humwaga maji aliyosuuzia mboga kwenye shina la mgomba, na mgomba ule hutoa ua hata jua likiwa kali, chozi wakaja kunywa. Mimi nami huweka sahani ya maji kivulini, nikaandika daftarini tarehe na ndege niliyemwona. Sijamwua hata mmoja, na daftari langu linajaa.

Ndugu zangu, utawala wa Emin ulikwisha zamani, na jimbo lake hata kwenye ramani halimo kama alivyoliacha. Lakini yule shomoro bado analichukua jina lake, kwa sababu Emin alitazama kwa bidii kilichokuwa mlangoni pake na kukiandika. Likizo ijayo chukueni daftari, na kama kuna jua kali, wekeni na maji.