Komitas, Padre Aliyefuata Nyimbo Mashambani

Katika jubilei hii tumeona tuwasimulie habari za mwanakwaya mwenzetu wa mbali, Padre Komitas, Mwarmenia. Alizaliwa mwaka wa 1869 mjini Kütahya, Uturuki ya leo, akaitwa Soghomon. Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Akiwa bado mtoto alifiwa na wazazi wote wawili, na mwaka wa 1881 akapelekwa seminari ya Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia. Kiarmenia hakukijua, kwani kwao walizungumza Kituruki, lakini alipoimba mbele ya mkuu wa kanisa alipokelewa.

Alipofanywa mtawa alipewa jina la Komitas. Kuanzia 1896 hadi 1899 alisomea muziki Berlin.

Aliporudi alizunguka vijijini akiandika kwa noti nyimbo za wakulima, hata za Wakurdi. Aliona kwamba mwanakijiji haimbi wimbo wa kulima akiwa ameketi nyumbani. Kila wimbo una kazi yake: harusi, maombolezo, kumbembeleza mtoto. Kuhusu wimbo wa kulima wa eneo la Lori aliandika utafiti mzima, kwa sababu ndani yake wakulima huitana na kuwahimiza maksai wavute plau. Sisi tuliosikia akina mama wakiimba huku wakipalilia tunamwelewa vizuri. Alishikilia pia kwamba nyimbo za kanisa na za kijijini ni ndugu.

Mwaka wa 1910 alihamia Constantinople, ndiyo Istanbul ya sasa, akaunda kwaya ya waimbaji 300. (Sisi tukifika 40 Jumapili tunashukuru!) Baadhi ya viongozi wa kanisa walimpinga kwa kuimba nyimbo za ibada kwenye kumbi za tamasha. Hakuacha.

Tarehe 24 Aprili 1915 serikali ya Kituruki iliwakamata Waarmenia mashuhuri zaidi ya 200, naye akiwemo. Wengi wao waliuawa. Yeye aliachiliwa, lakini akili yake ilikuwa imeumia. Karatasi zake nyingi zikapotea, na vijiji vingi alikoandika nyimbo vikabaki bila waimbaji. Kwa karibu miaka 20 aliishi hospitalini bila kutunga tena, hadi alipofariki Paris mwaka wa 1935. Mwaka uliofuata alizikwa Yerevan. Misa aliyoipangia sauti za wanaume ilikuwa imechapishwa Paris mwaka wa 1933, na makanisa ya Waarmenia huiimba mpaka leo.