Munganga Duchenne, aliyetafuta ugonjwa ndani ya misuli ya watoto

Guillaume Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba 1806 mjini Boulogne-sur-Mer, mji wa bandari kaskazini mwa inchi ya Ufaransa. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa bahari, na baba yake alitaka mtoto naye afanye kazi ya baharini. Yeye akachagua kazi ya munganga, akasoma Paris, akapata diploma mwaka wa 1831, kisha akarudi kutibu watu wa kwao.

Huko msiba ukamkuta. Mke wake alikufa muda mfupi baada ya kujifungua, wakwe wakamlaumu, na mtoto wake wa kiume akalelewa mbali naye. Mwaka wa 1842 alirudi Paris. Hakuwa na cheo katika hospitali, lakini alipita kitanda kwa kitanda na mashine ndogo ya umeme, akishtua msuli mmoja mmoja ili aone kazi yake.

Ndivyo alivyokutana na wavulana waliomshangaza. Nyama ya nyuma ya miguu yao, chini ya goti, ilikuwa nene kama ya watu wenye nguvu, lakini walianguka ovyo, walishindwa kupanda ngazi, na mwishowe hawakutembea tena. Duchenne akatengeneza sindano ya kuchota kipande kidogo cha msuli wa mgonjwa bila kumpasua. Kwenye mikroskopu akaona kwamba mafuta na nyuzi za kovu zimechukua nafasi ya msuli. Mwaka wa 1868 aliandika habari za wagonjwa 13. Mwingereza Edward Meryon alikuwa ameueleza ugonjwa huo mbele yake, lakini jina la Duchenne ndilo lililobaki.

Alifariki Paris tarehe 15 Septemba 1875 bila kujua chanzo. Jibu lilipatikana Marekani mwaka wa 1987, wakati kikundi cha Louis Kunkel, mjini Boston, kilipotambua protini iitwayo distrofini. Protini hiyo inafanya kazi ya kamba: upande mmoja imeshika nyuzi za aktini ndani ya seli ya msuli, upande mwingine imeshika protini za ngozi ya seli. Ikikosekana, ngozi hiyo inapasuka kila msuli unapojikaza, na polepole seli zinakufa. Moyo nao ni msuli, kwa hiyo unadhoofika pia.

Hitilafu iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana ugonjwa unawapata hasa wavulana. Dawa za kortikosteroidi zinapunguza mwendo wake, lakini haziuponyeshi.

Mvulana anayeanguka mara nyingi, au anayejishika mapaja ili asimame, apelekwe kwa munganga mapema, hata kama miguu yake imenona. Duchenne alionyesha kwamba unene wa msuli si nguvu.