Mama Kevina: Mgeni Aliyeacha Kazi Mikononi mwa Wenyeji



Katika toleo hili tunawaletea maisha ya mama mmoja ambaye jina lake linajulikana sana Uganda, ingawa wengi wetu tuliokuja kutafuta hifadhi hatujapata kusimuliwa habari zake. Sisi tulizisikia tulipokuwa Kimaka, mjini Jinja, katika kikao cha kuanzisha shirika la kusaidia wajane na yatima wa jamii yetu. Kikao kilikuwa kirefu. Tulibishana juu ya mwenyekiti, juu ya mhuri, na juu ya nani atatia sahihi benki. Jua likazama kabla hatujataja jina la mjane hata mmoja. Ndipo mzee mmoja akatuuliza kama tunajua hospitali ya Nyenga, ng'ambo ya mto Nile, ilianzishwa na nani.

Ilianzishwa na mgeni kama sisi. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, wilaya ya Wicklow, nchini Ireland. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, na mama yake akafariki yeye akiwa na umri wa miaka kumi. Basi alijua uyatima ni nini. Mwaka 1895 alijiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Kevin. Hamu yake ilikuwa kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko, lakini wakubwa wake wakamtuma Uganda.

Aliondoka London tarehe 3 Desemba 1902 pamoja na watawa wenzake watano. Walifika Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Walikuwa wameitwa na Askofu Henry Hanlon, ambaye eneo lake la kimisionari lilifika hadi huku Jinja na Mbale. Hawakuwa na jengo la hospitali. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Wagonjwa walikaa kivulini, na masista wakawahudumia kwa dawa kidogo walizokuwa nazo. Mwaka 1906 wakafungua kituo kingine huko Nagalama.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Nsambya ilipokea wapagazi Waafrika waliougua na kujeruhiwa wakibebea jeshi mizigo. Kwa kazi hiyo serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE mwaka 1918.

Ndugu wasomaji, shida iliyomsumbua zaidi ilikuwa vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Sheria za Kanisa za wakati ule hazikuruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevin hakukaa kimya, wala hakungoja sheria ibadilike ndipo aanze. Mwaka 1921, pamoja na daktari Evelyn Connolly ambaye hakuwa mtawa, alianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga, ili mabinti wa nchi hii wajifunze kazi hiyo wenyewe. Huku nyuma aliendelea kuwasihi wakuu wa Kanisa, na mwaka 1936 katazo hilo likaondolewa.

Mwaka 1923 alichukua hatua ambayo kwetu ndiyo kubwa kuliko zote. Aliwapokea wasichana wanane wa Uganda na kuanzisha nao shirika la Masista Wadogo wa Mt. Fransisko, ambalo makao yake makuu yako Nkokonjeru. Wakati huo wageni wengi waliona Mwafrika ni wa kusaidiwa tu. Yeye aliona kwamba mzungu hufika, huchoka na huondoka, lakini binti wa nchi atabaki. Masista hao wapo hadi leo, nao wamefika Kenya na Tanzania.

Kisha akawakumbuka wale waliofukuzwa hata na ndugu zao, yaani wagonjwa wa ukoma. Alifungua kituo cha Nyenga mwaka 1932, na kingine Buluba, mashariki ya Jinja, mwaka 1934. Siku hizo dawa ya kuponya ukoma ilikuwa bado haijapatikana, lakini mgonjwa alipata mahali pa kulala, chakula na mtu wa kumfunga vidonda. Baadaye, mwaka 1951, Buluba ilimpata daktari kutoka Poland, Wanda Błeńska, aliyefanya kazi huko zaidi ya miaka 40. Kazi ya mmoja ikawa mlango wa mwingine.

Mwaka 1952 watawa wake wa Afrika walifanywa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliachia uongozi. Hakupumzika. Alitumwa Boston, Marekani, nchi ile aliyoitamani ujanani, akawa anakusanya misaada kwa ajili ya Afrika. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulipelekwa Ireland, nyumbani kwao. Lakini waumini wa Uganda waliomba mama yao arudishwe kwao. Akazikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957, miaka 55 kamili tangu siku aliyoondoka London. Jina lake, Kevina, limekuwa neno la kutajia hospitali au nyumba ya huruma. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri.

Wapendwa, sisi nasi tuko ugenini. Mhuri ni wa lazima, na kuandikishwa kisheria ni wajibu. Lakini Mama Kevin alianza na mgonjwa chini ya mwembe, na akakabidhi kazi kwa wenyeji mapema, akiwa bado ana nguvu.

Tuliporudi kwenye kikao, tulianza kwa kuandika majina ya wajane. Tulipata 31. Kisha tukawaomba akina mama wawili wenyeji wa pale Kimaka waingie katika kamati, nao wakakubali. Mwenyekiti bado hatujamchagua.