UMEPANGIWA KWENDA UNAKOKUOGOPA?

Rafiki yangu kijana, hebu tuseme ukweli. Umesota mtaani, umetuma maombi ya kazi mpaka umechoka. Siku moja barua inafika: umepata! Unashuka na macho mpaka chini, unakuta kituo chako cha kazi ni LUTINDI. Moyo unapiga paa! Lutindi? Kule milimani Korogwe, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili? Marafiki wanakucheka, ati na wewe utarudi umechanganyikiwa. Usiku hulali. Unawaza utafute cheti cha kuumwa, au ukae kimya tu mpaka nafasi ipite.

Usiichane hiyo barua kwanza! Ugonjwa wa akili hauambukizi kama mafua. Na Lutindi yenyewe ina historia. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua pale makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamepanda mlima ule kwenda kazini. Unadhani wote walipanda bila hofu?

Sasa sikiliza habari za mtu mmoja ambaye mwaka huohuo wa 1896, mbali kabisa na Lutindi, alipangiwa kazi mahali ambapo wenzake walikuwa wameondoka.

Mtu huyu ni Apolo Kivebulaya wa Uganda. Usifikiri alizaliwa mtakatifu! Ujanani alikuwa askari katika vita vya Buganda, na alivuta bangi. Ndiyo, bangi! Yesu akambadilisha, akabatizwa mwaka 1895. Mke wake alifariki, naye hakuoa tena. Mwaka uliofuata kanisa likamtuma Boga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo leo ni Kongo.

Kabla yake walikwenda walimu wawili, wakarudi. Unajua kilichowarudisha? Si simba wala si uchawi. Ni NJAA! Mtawala wa Boga, Tabaro, hakutaka wapewe chakula. Apolo alizijua habari hizo. Akafanya nini? Alinunua jembe. Akaenda na jembe lake, akalima chakula chake mwenyewe. Waliotaka kumfukuza kwa njaa wakamkuta ana shamba!

Lakini usidhani mambo yakawa laini. Alipigwa. Nyumba yake ikachomwa moto. Kisha dada yake Tabaro akafa kwa kuchomwa na mkuki, ajali tu, lakini lawama akabebeshwa Apolo. Mwaka 1898 alipelekwa Toro akiwa mfungwa, akatiwa gerezani kwa kesi ya mauaji. Kumbe alichokiogopa kilikuwa cha kweli!

Humo katika dhiki, usiku, Apolo alimwona Yesu akiangaza kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa maana yuko pamoja naye. Angalia hapo, kijana. Hofu haikuondoka kabla ya safari. Nguvu ilimjia akiwa katikati ya shida.

Kesi ikaisha, akaachiliwa. Sasa alikuwa na kila sababu ya kwenda kwao akapumzike. Nani angemlaumu? Lakini alirudi BOGA! Alirudi kwa watu walewale waliompiga. Na Tabaro yuleyule, mwisho wake, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo akawa kasisi mwaka 1903. Uzeeni aliingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi waliodharauliwa na majirani zao, akawafundisha. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi kule ilikuwa haijaisha. Mahali alipotumwa kwa tabu, ndipo alipochagua kulala.

Wewe je? Labda kituo chako siyo Lutindi. Labda ni kijiji kisicho na barabara, au wodi ambayo wenzako wanaikwepa. Fanya kama Apolo. Uliza waliokutangulia walishindwa na nini hasa, usisikilize uvumi wa kijiweni. Kisha nunua jembe lako: kama walishindwa na upweke, tafuta mapema mtu wa kuongea naye, kama walishindwa kwa kutojua kazi, jifunze kwa wazoefu. Na ukiona hatari ya kweli, iseme kwa wakubwa wako wa kazi, usijifanye shujaa.

Lakini jembe peke yake halikumtosha Apolo kule gerezani. Pale alimhitaji Yesu. Na Yesu huyo hakumwuliza kwanza habari za bangi yake ya zamani! Na wewe hakukatai. Zungumza naye leo, hapohapo uliposimama na karatasi hii mkononi. Mwambie dhambi zako, mwambie na hofu yako, uitaje kwa jina lake.

Halafu, rafiki, funga begi lako. Kuna mgonjwa mahali fulani anakungoja.